Paa Lililoharibika Mbinga na Mwambao wa Nyasa: Kukarabati au Kuezeka Upya

Paa la nyumba ya kawaida lina viungo vitatu vinavyobeba kazi yote: bati limepigiliwa kwenye papi, papi zimepigiliwa kwenye kenchi, na kenchi zimefungwa kwenye ukuta. Paa likiharibika, iwe Mbinga mjini au Liuli kando ya Ziwa Nyasa, jambo la kwanza kujua ni kiungo kipi kati ya hivyo kilichoshindwa. Jibu lake ndilo linaloamua kama fundi apande na nyundo yake kukarabati, au kama mwenye nyumba aanze kutafuta fedha za paa jipya. Uharibifu unaoonekana kutoka barabarani hudanganya. Nyumba iliyopoteza mabati kumi na mawili inaweza kurudishiwa kwa siku chache na ikakaa miaka mingi, na nyingine isiyopungukiwa hata bati moja ikawa na paa lililokwisha zamani.

Mahali nyumba ilipo nako kuna neno lake. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, makao yake yakiwa Mbamba Bay, lakini hata zilipokuwa wilaya moja mapaa yake hayakuugua maradhi yanayofanana. Umatengoni, yaani nyanda za juu za Mbinga, nyumba zimekaa kwenye milima inayoanzia mita 1,300 hivi na kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Anayeteremka kwa barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, mwendo usiofika kilomita 70, anakuta ziwa lililo chini ya mita 500. Huko juu bati hulowa kwa ndani. Usiku wa Juni na Julai hupoa sana, mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu hugeuka matone upande wa chini, matone hukutana na masizi ya kuni, na kutu huanzia pale ambapo hakuna anayeinua macho. Ziwani hali ni nyingine: bati la saa nane mchana halishikiki. Bati la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka kama milimita moja na nusu, kisha usiku hurudi lilivyokuwa. Mwendo huo mdogo wa kila siku hulegeza misumari hata pasipo na upepo wowote.

Kuna jambo moja ambalo mwambao huu umesamehewa. Maji ya Nyasa hayana chumvi. Mtu aliyekulia Lindi au Kilwa, aliyezoea kuona bati likiliwa na hewa ya bahari, hana sababu ya kulihukumu bati la Lituhi kwa kuwa tu lipo hatua chache kutoka majini.

Mvua mkoani Ruvuma ina msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Milimani mapaa huezuliwa zaidi na dhoruba za ngurumo, hasa mvua zinapoanza, pale upepo wa dakika chache unapotangulia matone. Ziwani kuna jaribio la pili katikati ya kiangazi, upepo wa kusi ambao wavuvi huuita mwera unapovuma kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550. Ukarabati ulioahirishwa Aprili kwa hoja kwamba mvua zimekwisha unaweza kukutwa na mwera kabla haujaanza.

Watu wengi hudhani upepo huondoa paa kwa kulisukuma. Kwa kawaida hulivuta juu. Hewa inayopita kwa kasi juu ya mwinuko wa paa huacha mvuto, na iliyoingia kupitia mlango au dirisha lililo wazi husukuma kutoka ndani. Upepo wa kilomita 72 kwa saa una nguvu ya kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 108 nguvu hiyo hupanda hadi kilo 56 hivi, maana kasi ikiongezeka kwa nusu, nguvu huzidi mara mbili na ziada. Kwenye pembe, kwenye upenu na karibu na kofia, mvuto unaweza kuwa maradufu ya hapo. Bati la geji 30 lina uzito wa kilo mbili na kitu kwa mita ya mraba. Uzito wake, basi, haulizuii chochote. Kinacholizuia ni msumari, na mbao iliyoushika. Mawe, matairi chakavu na magunia ya mchanga yanayopangwa juu ya mapaa hayabadilishi sana hesabu hiyo. Jiwe hushika pale lilipokaa tu, hukunja migongo ya bati, na paa likiondoka nalo huondoka, likawa hatari mpya kwa walio chini.

Turudi kwenye viungo. Kiungo cha kwanza, cha bati na papi, kinaweza kushindwa kwa namna mbili zinazofanana kwa mbali. Katika namna ya kwanza misumari imebaki kwenye papi na bati limechanika kuizunguka. Hapo mbao ilifanya kazi yake. Kosa ni la bati jembamba, au misumari michache, au misumari isiyo na vizibo vya mpira chini ya kichwa. Kukarabati kunafaa kabisa: mabati yaliyoondoka yanunuliwe mengine, ya geji isiyo nyembamba kuliko yaliyobaki (namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba, kwa hiyo 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32), na misumari iongezwe kwenye upenu, kwenye kofia na kwenye kingo za pembeni, ambako mvuto ni mkubwa. Katika namna ya pili misumari imechomoka na kwenda na bati. Hapo mashaka yahamie kwenye papi. Mbao za mkaratusi zinapatikana kwa urahisi nyanda za juu, na mara nyingi hupandishwa paani zikiwa bado mbichi. Hukaukia huko huko juu, husinyaa, hupasuka, na nyuzi zake huuachia msumari. Kupigilia msumari mpya katika tundu lile lile ni kulipia kazi ambayo upepo utaifuta. Papi zibadilishwe, hata kama mabati yenyewe yatarudishwa.

Kiungo cha pili kikishindwa, bati na papi huondoka pamoja kama mkeka uliokunjwa, kenchi zikabaki zimesimama. Mara nyingi kila papi ilishikwa na msumari mmoja mahali inapokutana na kenchi. Huu ni uharibifu wa kutisha kwa macho na wa wastani kwa gharama. Kenchi zikipimwa na kuonekana nzima, kazi ni kuweka papi mpya kwa misumari miwili iliyopigwa mshazari, mmoja kila upande, au kwa kipande cha mkanda wa chuma, na kutenga mabati yanayoweza kurudi.

Cha tatu ndicho kibaya. Paa zima, kenchi na yote, limenyanyuka na kuangukia shamba la jirani. Mabati yanaweza kuwa ya mwaka jana na mbao zikawa imara. Kilichoshindwa ni sehemu ya juu ya ukuta. Katika nyumba za matofali mabichi, au ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, mkanda uliofunga kenchi umepitishwa chini ya kozi moja tu ya matofali, na upepo huondoka na kozi hiyo pia. Kurudisha paa juu ya ukuta kama huo bila kuugusa ukuta ni kurudisha ajali. Dawa yake ni lenta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima, ikiwa na vyuma vilivyoachwa vimechomoza kwa ajili ya kufungia kenchi. Asiyeimudu ashushe mkanda wa chuma kozi kadhaa chini na kuujengea ndani ya ukuta. Gharama hii haionekani ikimalizika, hivyo ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zikipungua. Heri bati la bei nafuu kwenye ukuta uliofungwa kuliko bati la rangi kwenye ukuta usioshika.

Mabati yaliyoruka hayahesabiwi yote kuwa mazima kwa sababu yameokotwa. Bati la migongo lilipatiwa hataza London mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari za mji huo, na siri yake mpaka leo ni ile migongo: ndiyo inayolifanya bamba jembamba libebe mvua na fundi aliyelikanyaga. Mgongo uliokunjika haurudi kikamilifu kwa kugongwa nyundo. Mahali pa mkunjo tabaka la zinki hupasuka, na kutu hufuata mstari huo. Bati la namna hiyo linafaa kwa banda la kuku, au kwa uzio wa bafu. Lililonyooka lakini lenye matundu ya zamani ya misumari linaweza kurudi kwenye nyumba, mradi matundu hayo yaangukie mgongoni na yazibwe.

Si kila paa huharibiwa na upepo. Mengi huvuja taratibu, na kuvuja kuna hila yake: tone linaloanguka juu ya kitanda huenda liliingilia mita mbili juu zaidi, likateleza kwenye papi, likashuka lilipopata kikwazo. Fundi mzuri huanzia ndani. Mchana wa jua kali, milango na madirisha yakifungwa, matundu ya kutu huonekana kama nyota na misumari iliyolegea huonyesha mwanga pembeni. Kama hakuna kinachoonekana, maji humwagwa juu ya bati kidogo kidogo, kuanzia upenuni kupanda kwenye kofia, mtu mwingine akitazama ndani. Wakianzia juu maji yatapita kwenye maungio yote kwa pamoja na hawatajua lipi limevuja.

Kutu nayo ina daraja. Bati lililofifia na kuwa la kijivu bado lina zinki yake, liachwe. Lenye wekundu wa juujuu ambalo halibonyei linapobinywa kwa dole gumba linastahili kusuguliwa kwa brashi ya waya, kupakwa rangi ya kuzuia kutu na kisha rangi ya bati, na litaongeza miaka kadhaa. Lililokwisha kuliwa likawa kama ganda la yai haliponi kwa rangi. Lami inayopakwa kwenye matundu hukauka kwa jua la ziwani na kupasuka. Ni dawa ya msimu mmoja au miwili, nayo haina ubaya ikiwa aliyeinunua anajua hivyo. Zaidi ya daraja, itazamwe kutu ilivyotawanyika. Ikikaa kwenye safu ya chini, au kwenye maungio, au chini ya mwembe unaodondosha majani, safu hiyo hubadilishwa na mengine hubaki. Ikiwa imetapakaa kwenye karibu kila bati, kukarabati kumekosa pa kushikia.

Mbao ndizo zinazotoa hukumu ya mwisho, na bahati mbaya ndizo zinazofichwa na dari. Ubao mmoja wa dari ukifunguliwa kwenye kona na mwingine katikati, inatosha kuanza. Bisibisi huchomekwa kwenye kenchi mahali zinapokaa ukutani, kwa kuwa hapo ndipo unyevu hutulia na mchwa hufikia mbao mapema, akipanda ndani ya kichuguu chembamba ukutani. Ikizama bila nguvu, kenchi hiyo haina kazi. Unga laini ulioanguka juu ya dari ni dalili ya wadudu watoboa mbao. Kenchi moja au mbili zinaweza kuungwa kwa mbao nzima pembeni; zikizidi hapo, na hasa zikiwa zimelegea kwenye ukuta, paa libomolewe. Bati jipya juu ya kenchi mbovu ni makosa ya kawaida mno, kwa sababu bati ndilo jirani analoliona.

Baada ya ukaguzi huja hesabu, nayo hufanywa vibaya bei mbili zikilinganishwa bila miaka. Ifanywe kwa mfano tu: paa jipya liwe na gharama ya sehemu 100 na likae miaka 25, yaani sehemu 4 kwa mwaka. Ukarabati wa sehemu 25 utakaodumu miaka mitatu unagharimu sehemu 8 na zaidi kwa mwaka, kwa hiyo ni ghali maradufu ya paa jipya ingawa ulionekana robo ya bei. Ukarabati huo huo, ukiwa umegusa papi na misumari na kudumu miaka kumi, unagharimu sehemu mbili na nusu, na hapo kuezeka upya ni kujitia hasara. Mafundi huulizwa bei. Ni nadra kuulizwa miaka. Fundi atakayesema kazi yake itakaa muda gani, na kwa nini, anafaa kulipwa zaidi ya yule anayetaja jumla peke yake.

Hesabu hiyo hugongana na jinsi fedha zinavyoingia nyumbani. Mkulima wa kahawa wa Umatengoni huvuna kuanzia katikati ya mwaka, hupeleka kahawa kwenye chama cha msingi, AMCOS, na hulipwa baada ya mnada. Fedha hufika kwa mkupuo, na zikifika kabla ya Novemba hukutana na mbao kavu na anga safi, wakati bora wa kuezeka upya. Mvuvi wa usipa huvua kwa taa kwenye giza la mwezi, na kipato chake huja vipande vipande. Kwake ukarabati wa awamu ndio unaowezekana, na wengi hununua mabati machache machache wakiyaweka akiba. Mabati hayo mengi huharibika kabla ya kupanda. Yakilazwa yamebanana sakafuni na maji yakaingia katikati, zinki huota ukungu mweupe na kuliwa. Yahifadhiwe ndani, yameinuliwa juu ya vipande vya mbao, upande mmoja ukiwa juu kidogo ili maji yatiririke. Tena yote yawe ya geji moja na mgongo mmoja: bati la mgongo mpana halilaliani na la mgongo mdogo, na pengo lao halizibiki kwa lolote la kudumu.

Kwa sababu hiyo kuna njia ya kati ambayo husahauliwa: kubadilisha upande mmoja wa paa. Upande unaopokea upepo na mvua huchoka mapema, na mstari wa kofia ni mpaka mzuri wa kazi. Mabati mazuri yaliyotoka upande huo huziba mapengo ya upande wa pili, na mapya hukaa pamoja bila kuchanganywa na ya zamani.

Nyumba za nyasi, ambazo mwambaoni bado zipo, zina kanuni yake. Nyasi hudumu kwa mwinuko mkali, wa nyuzi 45 hivi, na sehemu iliyooza hutolewa na kupachikwa nyingine. Ikilainika kote, huezekwa upya kwa nyasi zilizokatwa baada ya kukomaa, kabla ya moto wa kiangazi kuzifikia. Anayetaka kuhamia bati asidhani miti ya duara iliyobeba nyasi itatosha. Bati halitazidisha uzito, ila linahitaji mbao zilizonyooka za kupigiliwa, na kufungwa ukutani kwa nguvu ambayo nyasi hazikuihitaji. Anayehamia vigae ana tatizo la kinyume: vigae vya udongo au zege huzidi kilo 40 kwa mita ya mraba, na kenchi zilizotengenezwa kwa ajili ya bati zitapinda. Hata vigae vyepesi vya saruji yenye nyuzi za katani, ambavyo utafiti wa nyumba bora nchini umevitangaza kwa miaka mingi, vinadai mbao za karibu karibu zaidi.

Asibesto, inayokutwa kwenye baadhi ya majengo ya zamani ya umma na nyumba za watumishi, haihesabiwi kwa viraka. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Haikatwi kwa msumeno wala kutobolewa wala kusuguliwa. Huloweshwa maji, huondolewa ikiwa nzima na watu waliofunika pua na mdomo kwa kinga inayofaa, kisha hufukiwa kwa maelekezo ya afisa afya.

Baada ya dhoruba, kabla ya kugusa chochote, uharibifu hupigwa picha na kupelekwa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, maana tathmini ya maafa huanzia huko na paa lililokwisha kurudishwa haliwezi kutathminiwa. Turubai hufungwa kwenye kenchi kwa kamba, si kwenye mabati. Kazi ikianza, huezuliwa sehemu inayoweza kufunikwa siku ile ile. Msumari wa bati hupigwa mgongoni, sio bondeni ambako maji hupita. Papi huachana kama sentimita 90 kwa bati jembamba. Maungio ya juu na chini hulaliana sentimita 15 au zaidi. Upenu huvuka ukuta kwa sentimita 60 hivi, na kwa ukuta wa matofali mabichi hapo si pa kubania, kwa kuwa mvua inayopiga ukuta hurudi kulilegeza paa kutokea chini. Misumari yote hukaguliwa tena kiangazi cha kwanza baada ya kazi, kwa sababu mbao mpya bado zinakauka, na iliyolegea hutolewa na kupigwa mirefu zaidi pembeni mwa tundu la zamani.